Mistari ya Buluu Ndani ya Jiwe la Mafuta

Kila siku saa tisa alasiri, akishavua sare za shule na kuzitundika nyuma ya mlango, Birika aliingia jikoni kufanya kazi yake. Alishika mche wa sabuni ya buluu, akaukwangua kwa kisu mpaka vipande vyembamba vikafunika kitako cha sufuria. Akamimina maji, akachochea moto. Maji yalipotokota na povu la buluu kutaka kumwagika, aliikamata sufuria kwa matambara mawili, akaibeba hadi kwenye sinki huku akipiga kelele:

"Moto! Moto huo! Anayependa ngozi yake apishe!"

Wapishi wakapisha. Jina lake la daftarini lilikuwa jingine, lakini tangu alipoanza kubeba maji ya moto akiwa na miaka minane, mtaa mzima ulimwita Birika. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na hata mwalimu wa hesabu alikuwa akijisahau na kumwita hivyo.

Mkahawa ulikuwa wa Mama Mkubwa, dada wa mama yake. Ulikuwa na mabenchi sita na makarai matatu yaliyokaanga nyama na viazi tangu alfajiri. Mafuta yakishakuwa meusi kama lami, Mama Mkubwa aliyamimina kwenye sinki, na Birika akayafuata na maji yake ya sabuni. Sinki lilikoroma, likameza, likabaki jeupe.

"Tazama lilivyo," Mama Mkubwa alikuwa akisema, mikono kiunoni. "Linang'aa kama jino la mtoto. Uchafu ukiona maji ya moto na sabuni unakimbia wenyewe."

"Unakimbilia wapi, Mama Mkubwa?"

"Mbali."

Neno hilo, mbali, ni la uongo kuliko maneno yote yanayosemwa mitaani, na limesemwa tangu zamani. Kiwanda cha ngozi kilipomwaga dawa mtoni, wenyewe walisema maji yatazipeleka mbali. Ofisi ya mji ilipoulizwa taka za sokoni zinatupwa wapi, ilijibu mbali. Siku zote mbali ni mahali anapoishi mtu mwingine. Mbali ya Mama Mkubwa ilikuwa hatua tisini tu, chini mteremkoni, na ilikuwa na mlango, dirisha na cherehani.

Jumanne moja alipita Fundi Fito. Huyu alikuwa mzibuaji wa mabomba ya maji machafu, mtu mwenye mdomo mchafu kuliko kazi yake. Begani alibeba fito za chuma zinazoungana ncha kwa ncha kwa skrubu. Hakupiga hodi. Aliinama nyuma ya mkahawa, akaligonga bomba la sinki kwa ufito mmoja, akatega sikio kama daktari.

"Njoo usikie, we mtoto," alimwambia Birika. "Bomba zima hulia ngo! Hili je?"

Akagonga tena. Bomba likalia pu.

"Limeshiba," Birika akasema, akicheka.

"Limeshiba, tena limeota kitambi. Ndani yake mmebaki tundu la kupitisha kidole." Akainua sauti ili asikike jikoni. "Bi mkubwa! Mafuta yasiingie humu! Yatie kwenye debe, yafunike. Karai lifute kwa karatasi kabla halijaguswa na maji. Mnawatengenezea watu wa chini kaburi."

Mama Mkubwa akatoka na mwiko mkononi.

"Kaburi nimekuchimbia wewe? Nyumba yangu ni safi. Mimi natumia maji ya kutokota na sabuni!"

"Ndiyo maana yanafika huko chini, mama. Yangekuwa baridi yangezibia hapa hapa kwako, ukajua adabu."

"Unataka mafuta yangu ukayakaangie wewe. Ondoka!"

"Kaka yangu alishuka kwenye shimo la mfereji, chemba moja ya mtaa huu," akasema Fundi Fito, na sasa hakuwa anacheka. "Mfereji uliziba kwa mafuta kama haya. Alivuta pumzi mbili tu. Humo mna hewa inayoua, haina hata rangi. Tulimtoa kwa kamba kama ndoo. Mtaa ukalia siku tatu, siku ya nne ukarudi kumwaga mafuta."

"Si mimi niliyemuua!"

"Sijui. Hakuna aliyekuwa akihesabu makarai."

Mwiko ulimpiga sikioni, pa! Damu ikachuruzika hadi kwenye kola. Fundi Fito akaishika damu kwa kidole, akaitazama, akaokota fito zake.

"Haya. Siku moja mtaogelea, ndipo mtaniita."

Maneno haya yaweke moyoni, kwa sababu yalikaribia kumtoa roho aliyeyasema.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, rafiki yake Birika alikuwa na habari. Msichana huyo aliitwa Sindano kwa sababu alikuwa mwembamba na mama yake alikuwa mshonaji. Nyumba yao ndiyo ile iliyokuwa chini mteremkoni.

"Choo chetu kimeanza kukoroma," Sindano alisema.

"Kimelala usingizi?"

"Acha masihara. Ukimwaga maji, yanapanda kwanza, yanakutazama, halafu ndiyo yanashuka. Mdogo wangu anakiogopa. Anasema mna babu humo ndani."

Birika alicheka sana. Kisha sikio lake likasikia tena ile sauti ya bomba: pu.

Alasiri ile hakukwangua sabuni. Alimfuata Mama Mkubwa kwenye karai.

"Mama Mkubwa, choo cha kina Sindano kinakoroma. Labda mafuta yetu ndiyo yame—"

Kofi lilimkuta neno likiwa bado mdomoni. Lilikuwa kofi la mkono uliozoea kupindua karai la chuma. Masikio ya Birika yalivuma.

"Umetumwa na yule mchafu? Nani anakulisha, mimi au yeye? Usirudie maneno hayo mbele ya watu. Shika sabuni!"

Birika akashika sabuni. Machozi yalidondoka kwenye povu la buluu, na yote yakaenda pamoja, mbali.

Usiku wa kuamkia Jumamosi mvua ilinyesha, na asubuhi mtaa uliamshwa na yowe la mshonaji.

Kifuniko cha chemba iliyo mbele ya nyumba yake kilikuwa kimeinuka chenyewe na kulala pembeni. Maji meusi yalikuwa yakibubujika, yanaingia mlangoni, yanapita chini ya kitanda, yanabeba viatu na vitambaa vya watu vilivyokatwa tayari kushonwa. Choo kilikuwa kikitapika. Mdogo wake Sindano, wa miaka miwili, alikuwa ameamka kabla ya wote, akayachezea maji yale, akayanywa. Alipotapika mara ya nne na macho kuingia ndani, baba yake alimbeba mgongoni akakimbia naye zahanati.

Watu wakajaa. Watu wakijaa bila kazi ya kufanya hutafuta mtu wa kumfanya.

Hawakumtafuta sana. Fundi Fito alikuwa pale pale, amepiga magoti ukingoni mwa chemba, fito zake zimezama majini. Jana yake jioni alikuwa amesikia kwamba vyoo vya chini vinakoroma, akaja akatoa gunia zima la matambara. Fito zake zilipogonga kitu kigumu kama jiwe, akarudi kwake kutengeneza ndoano. Sasa alikuwa amerudi na ndoano pamoja na kamba nene. Gunia la jana lilikuwa kando yake.

"Nilimwona jana!" mtu akapiga kelele. "Alikuwa hapa na gunia hilo!"

"Anayatia matambara mwenyewe ili apate kazi!"

Fundi Fito hakugeuka. "Nipisheni," akasema. "Ndoano imeanza kunasa."

Hapo Mama Mkubwa akatoa sauti. Alikuwa ameshuka na aproni yake, uso umemvimba kwa hasira au kwa kitu kingine kinachofanana na hasira.

"Jumanne alikuja kwangu akanitisha! Alisema kwa kinywa chake: siku moja mtaogelea, ndipo mtaniita! Mwulizeni kama hakusema!"

"Ulisema?" akauliza mwenye bucha, jitu lenye shingo kama gogo, lililokuja na panga lake la kazini mkononi.

"Nilisema," akajibu Fundi Fito. "Na mnaogelea."

Angeweza kujibu kwa upole. Lakini mtu aliyemtoa kaka yake shimoni kwa kamba, halafu akapigwa mwiko kwa kusema ukweli, upole wake hukaa mbali kidogo na ulimi.

Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni. La pili likampasua paji la uso. Akainuka, na alipoinuka teke likamrudisha chini. "Siku za mwizi arobaini!" waliimba, vijana na watu wazima, watu waliosalimiana naye kila asubuhi. Mwenye bucha alichomeka panga kiunoni, akachomoa ufito mmoja wa chuma kwenye rundo, akauinua juu kwa mikono miwili. Fundi Fito akajikinga kichwa. Ufito ulishuka, na kila mtu aliusikia mfupa wa mkono ukilia kama kuni kavu.

"Mtieni humo humo!" mtu wa nyuma akasema. Kila umati una mtu wa nyuma, na ndiye anayesema maneno kama hayo. "Alichokiziba akizibue kwa kichwa!"

Wakamshika miguu. Wakaanza kumburuta kuelekea kwenye mdomo wa chemba.

Birika alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, juu ya mteremko, na sufuria ya maji ya sabuni mikononi. Jumamosi kazi yake ilianza asubuhi. Aliona yote. Aliona kichwa cha Fundi Fito kikigonga mawe, damu ikimfumba macho. Akakumbuka: pumzi mbili tu. Shavu lake bado lilikuwa linalijua kofi la Alhamisi. Akijua kinachofuata, akaanza kukimbia.

"Moto! Moto huo! Moto!"

Umati haukupisha. Basi hakungoja. Aliinua sufuria, akayamwaga maji ya kutokota chini, kwenye nafasi ndogo iliyokuwa kati ya kichwa cha Fundi Fito na miguu ya waliokuwa wakimburuta. Mvuke uliruka. Watu wakaruka pamoja nao. Mmoja aliungua vidole, akapiga kelele kama mbwa aliyekanyagwa. Wakamwachia miguu.

"Si yeye!" Birika alipiga kelele. "Ni sisi! Ni mimi! Mimi ndiye ninayeyasukuma mafuta kila siku, kwa maji haya!"

Povu la buluu lilikuwa likipasuka taratibu kwenye tope.

"Mtoto huyu ana homa," Mama Mkubwa akasema haraka. "Tangu jana anaweweseka."

"Sina homa. Nilikuambia Alhamisi, ukanizaba kofi. Mama Mkubwa, watamuua mtu."

Fundi Fito alikuwa amelala ubavu, mkono wake umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Akatema damu, akasema kwa sauti ya kukwaruza:

"Ndoano imeshanasa. Vuteni kamba."

Hakuna aliyesogea. Wa kwanza kushika kamba alikuwa Sindano. Akafuata mama yake, mshonaji. Kisha watu wawili, kisha sita. Wakavuta. Kitu kule ndani kilikataa, kikakataa, halafu kikang'oka kwa sauti ya kunyonya. Likatoka dude la kijivu, refu kama mtoto wa miaka mitano na nene kama gunia la mkaa, linanuka hata waliokuwa mbali wakaziba pua. Nyuma yake maji yalinguruma mara moja, yakaanza kushuka. Uani kwa mshonaji yakaacha kupanda.

"Kata," Fundi Fito akamwambia mwenye bucha.

"Nikate nini?"

"Panga umelileta likate kitu. Basi kata kisicholia."

Mwenye bucha alitazama panga, akatazama ufito wenye damu aliokuwa ameutupa. Kisha akaliinua panga, akalishusha katikati ya dude lile. Lilizama kama linakata mche wa sabuni, kisha likakwama kama limefika kwenye mwamba. Akapiga tena. Dude likapasuka vipande viwili.

Ndani yake palikuwa peupe. Tabaka nene jeupe, kisha mstari mwembamba wa buluu. Tabaka jeupe, mstari wa buluu. Tena na tena, imejipanga kama mistari ya daftari. Mtaa mzima ulikuwa na sinki moja tu lililooshwa kwa sabuni ile ya buluu.

Lakini haikuwa mistari peke yake. Mwenye bucha, aliyekuwa akizijua shahamu kuliko mtu yeyote pale, alisogeza uso, akaona bonge la njano na vipande vya mfupa. Hakuulizwa, akasema mwenyewe, polepole, "Hii ni ya kwangu." Mshonaji alivuta kitambaa kilichonasa pembeni. Kilikuwa cha kijani, chenye mshono wake mwenyewe. Palikuwa na nywele, nepi, matambara. Watu walianza kutazama pembeni, kila mmoja akiwa na kipande chake mle ndani.

Mshonaji hakutazama pembeni. Alimrukia Mama Mkubwa, akamshika kilemba na nywele.

"Mwanangu yuko zahanati! Yuko zahanati, na wewe ulikuwa hapa unarusha maneno!"

"Basi apigwe yeye!" akasema yule mtu wa nyuma, na mawe yakaanza kuokotwa upya. Mwenye jiwe hapendi kulitupa bure.

"Wekeni chini!"

Ilikuwa sauti ya Fundi Fito. Alikuwa amekaa, amejiegemeza kwenye gunia, uso mwekundu wa damu.

"Ninyi hamtafuti aliyeziba. Mna njaa ya mtu. Mmenikosa mimi, mnamtaka huyu. Mkimmaliza huyu, kesho mtamtaka nani? Sinki lake mtalivunja, na lako je, mwenye bucha? Na lako wewe unayepiga kelele nyuma, mbona hupiti mbele tukakuona? Nani hapa hajamwaga mafuta? Aliye msafi anipige tena, mkono mmoja bado mzima."

Jiwe moja likaanguka chini. Kisha mengine, moja moja.

Mwenye bucha ndiye aliyembeba hadi zahanati, mgongoni. Mama Mkubwa alimfuata, kilemba mkononi, nywele zimesimama. Kwenye benchi la zahanati alikaa karibu na mshonaji mpaka jioni, muuguzi alipotoka akasema maji sasa yanakaa mwilini mwa mtoto na atapona. Hapo Mama Mkubwa akajifunika uso, akalia kwa sauti.

"Nilijua," akasema. "Alhamisi nilijua. Nilimpiga mtoto ili nisijue."

Mshonaji hakumkumbatia. Lakini alimsogezea kikombe cha maji.

Wiki iliyofuata Fundi Fito alikuja mkahawani, mkono wake ndani ya plasta. Nyuma yake alikuja mwenye bucha, amebeba fito zote begani.

"Huyu alinivunja mkono," Fundi Fito aliwaambia waliokuwepo. "Basi yeye ndiye mkono wangu mpaka mfupa ushike. Wiki sita. Mkono, chimba!"

Mwenye bucha akachimba. Nyuma ya mkahawa wakajenga kisanduku cha matofali chenye vyumba viwili na kifuniko, kati ya sinki na bomba la nje. Birika na Sindano walisogeza mchanga na maswali.

"Kinafanya nini?" Sindano akauliza.

"Kinayapumzisha maji. Maji ya sinki yanaingia hapa, yanatulia, yanapoa. Mafuta ni mepesi, yanaelea juu. Maji yanatokea huku chini, kwenye bomba lililopinda, yanaacha mafuta nyuma. Kila Jumamosi mnafungua kifuniko, mnayakomba, mnayachanganya na unga wa mbao, mnayatia kwenye pipa la taka. Msipokomba, kisanduku kinajaa na mnarudi kule kule. Ila hiki ni cha mwisho. Cha kwanza ni debe na karatasi: mafuta ya karai debeni, masalio ya sahani pipani, karai lifutwe likiwa kavu."

"Na maji yangu ya moto?" Birika akauliza kwa sauti ndogo.

Fundi Fito aliagiza bilauri ya maji baridi na kijiko cha mafuta yaliyoyeyuka ndani ya maji ya moto ya sabuni. Akayamimina pamoja mbele ya macho yao. Mwanzoni vilichanganyika, vikaonekana havina neno. Baada ya muda mfupi vibonge vyeupe vikaanza kuelea, vikashikana na ukingo wa bilauri.

"Umeona? Maji ya moto hayaui mafuta. Yanayapa miguu tu. Yanatembea mpaka yanapofika kwenye bomba baridi, yanaketi. Wenzao wanafika, wanaketi juu yao. Mafuta yakioza yanaulamba ukuta wa mfereji, saruji yenye chokaa, yanageuka sabuni ngumu kama jiwe, na kila tambara linalopita linanaswa. Ndivyo jiwe linavyokua, tabaka kwa tabaka."

"Kwa hiyo tumemaliza," Mama Mkubwa akasema. Tayari alikuwa amepanga madebe mawili yenye vifuniko karibu na makarai.

"Tumemaliza?" Fundi Fito akamgeukia, na hasira ikarudi machoni. "Ofisi ya mji ina gari la kunyonya na kusafisha mifereji. Mwaka alipokufa kaka yangu tuliandika barua. Mwaka uliofuata tukaandika tena. Ninazo nakala zote. Gari linakwenda kule kwenye mageti makubwa. Huku halijawahi kukanyaga. Siku ile mlipata watu hamsini wa kunipiga. Jumatatu nawataka hao hao hamsini."

Jumatatu walikuja kumi na tisa. Yule mtu wa nyuma hakuwamo. Lakini kumi na tisa walitosha kubeba vipande viwili vya jiwe kwenye mkokoteni, kupita barabara kuu mchana kweupe huku watu wakikimbia harufu, na kuviweka juu ya meza ya karani wa ofisi ya mji. Mwalimu wa hesabu alikuwa amewapa ruhusa Birika na Sindano. Alisema hilo nalo ni somo.

Karani aliruka na kiti chake.

"Mmekuwa wendawazimu? Toeni uchafu huu! Upelekeni mbali!"

Birika alikuwa amesimama mbele kabisa, tumbo lake likigusa ukingo wa meza. Akamtazama usoni.

"Shikamoo," akasema. "Mbali ni wapi?"

Karani alitazama jiwe, akatazama mistari ya buluu, akatazama watu kumi na tisa waliokuwa wakisubiri jibu bila haraka. Akavuta daftari, akaanza kuandika jina la mtaa.

Gari lilikuja Alhamisi. Lilinyonya mfereji kutoka juu hadi chini, na ilipofika alasiri Fundi Fito alimpa Birika ufito mmoja.

"Gonga."

Akaligonga bomba la nyuma ya mkahawa. Ngo!

"Sasa sikia, na wewe Sindano, na wewe bi mkubwa, na wewe mkono wangu," akasema Fundi Fito. "Kosa ni kama mafuta. Ukilimwagia maji ya moto na sabuni, kwako patang'aa, nalo litakwenda kuganda mlangoni kwa jirani. Na likishamfika shingoni, atatafutwa asiyehusika apigwe. Afadhali lile unalolikomba kwa mikono yako mwenyewe, Jumamosi, mbele ya watu, huku linanuka. Huyu mtoto alilikomba lake wakati wakubwa wameshika mawe."

Ilikuwa saa tisa alasiri. Mama Mkubwa alichukua karai lenye mafuta, akalifuta kwa karatasi polepole, mpaka chini, akalikabidhi kwa Birika likiwa kavu.